Jua la Dodoma Halimo Kitabuni

Kozi fupi za upigaji picha nilizoziona hapa Dodoma zina ratiba moja. Darasa linaanza saa mbili asubuhi, mwalimu anawasha projekta na kueleza apecha, shata na ISO mpaka chai ya saa nne, kisha wanafunzi wanatolewa nje kufanya vitendo. Saa hiyo jua limekwishapanda, vivuli vimejikunyata miguuni na macho ya watu yamezama gizani chini ya nyusi. Wanapiga, wanarudi jasho likiwatoka, wanaambiwa picha zao hazina mvuto. Ratiba ndiyo iliyokosea, lakini alama mbovu anapewa mwanafunzi.

Nimefundisha vijana kazi hii kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wenyewe ni huu: mwanafunzi wa Dodoma afundishwe mwanga wa Dodoma kwanza, kamera ifuate. Kazi anazopewa zitokane na jua, udongo, nyumba na mikusanyiko ya hapa. Silisemi hili kwa uzalendo. Ni suala la jiografia, na lina hesabu zake.

Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda ulioinuka mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Hata Juni, mwezi ambao jua letu la mchana liko chini kuliko miezi mingine yote, adhuhuri linafika nyuzi 60 angani. Kwa mtu wa London nyuzi 62 ndicho kilele cha mwaka mzima, na Desemba adhuhuri yake ni nyuzi 15 tu. Mwandishi wa kitabu aliyeko huko anapomwambia mwanafunzi atoke mchana wa majira ya baridi, anampa mwanga wa ubavuni unaochonga pua na mashavu bila taabu. Sisi mchana hatuna kitu hicho mwezi wowote.

Tena jua la huku hupanda na kushuka karibu wima. Ile saa ya dhahabu inayosifiwa vitabuni, yaani muda jua likiwa bado chini na mwanga wake una rangi ya asali, kwetu ni fupi mno. Tangu linapochomoza mpaka lifike nyuzi 6, Dodoma ni kama dakika 25. London inakaribia mara mbili ya hapo. Juni jua linachomoza hapa kwenye saa kumi na mbili na dakika 45, Novemba kwenye saa kumi na mbili na dakika 10. Fanya hesabu mwenyewe: mwanafunzi anayefika darasani saa mbili amekuta sherehe imekwisha na viti vimekunjwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayoitoa haina kamera. Kila mmoja achomeke kijiti chini, mahali pa wazi, aweke alama pale kivuli kinapoishia kila baada ya saa moja, na kila mara amtazame mwenzake usoni aandike kivuli cha pua kimeangukia wapi. Asubuhi kinalala shavuni. Baadaye kinashuka kuelekea mdomo. Mchana kinakuwa doa jeusi juu ya mdomo kama masharubu, na macho yanageuka mashimo mawili. Kutokana na zoezi hilo wanafunzi hugundua wenyewe kanuni ninayoitumia kila siku: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mwondoe mtu juani. Hapo jua limevuka nyuzi 45, na Dodoma hilo hutokea kati ya saa tatu na dakika 20 na saa nne na dakika 20 asubuhi, kutegemea mwezi.

Kijiti hicho kinafundisha jambo la pili ambalo hata wapiga picha wazoefu wa hapa hawalifuatilii. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 8 na 9 Oktoba, jua linapita utosini kabisa na kivuli cha kijiti kinatoweka. Hakitoweki saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki nasi tuko karibu na 36. Oktoba ni kama saa sita na dakika 25, Machi ni karibu na saa saba kasoro dakika kumi. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana huegemea kaskazini, kuanzia Oktoba hadi Machi huegemea kusini. Maana yake baraza inayotazama kusini ndiyo yenye kivuli tulivu mwezi Juni, na inayotazama kaskazini ni ya Desemba. Mwenye kulijua hilo anafika nyumba ya harusi na kwenda moja kwa moja kwenye baraza inayofaa, wakati mwenzake anazunguka uani akitafuta.

Baada ya kijiti ndipo tunaingia mlangoni, lakini kwanza neno kuhusu kamera yenyewe.

Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya Box Brownie akiwa mwanafunzi. Ile ilikuwa sanduku tu lenye lenzi rahisi na kasi ya shata isiyobadilika. Aliyeishika alibakiwa na maamuzi machache: asimame wapi, na mtu amweke kwenye mwanga gani. Simu ya leo inakufanyia kinyume chake. Inapiga picha kadhaa kwa mkupuo, inazichanganya, inanyanyua vivuli na kupoza weupe, na mwanafunzi haoni tena mwanga ulikuwaje. Ndiyo maana nawaagiza wabonyeze uso wa mtu kwenye kioo cha simu na kushikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha wavute chini kidogo giza liingie. Kwa mara ya kwanza wanaona kivuli kina umbo.

Nyumba ya tembe ya Wagogo ndiyo studio bora ya zoezi hili: paa bapa la udongo, kuta fupi, matundu machache, mlango mmoja unaoingiza mwanga wote. Tembe zimepungua karibu na mji, lakini jiko la nje au chumba chochote chenye mlango mmoja kinatosha. Mtu asimame kizingitini, halafu hatua moja ndani, halafu hatua tatu. Kila mahali atazame mlango, akae ubavu, kisha auelekezee mgongo. Hizo ni picha tisa, na hakuna kufuta.

Zibandike ukutani uone. Kizingitini mwanga ni mwingi na uso umetandazwa kama chapati, hauna mabonde wala vilima. Hatua moja ndani, mtu akiwa ubavu, shavu la upande wa mlango linang'aa, pua inatupa kivuli laini, na jicho la upande wa pili linabaki na nuru ndogo inayolifanya liwe hai. Hatua tatu ndani mwanga umeshuka sana, ukuta wa nyuma umepotea, na simu inaanza kuhangaika na kuleta chenga. Mwanafunzi mmoja mmoja hugundua kuwa udongo mwekundu wa uani, ukipigwa na jua, unarusha mwanga wa joto kutoka chini na kulainisha kidevu. Asiyeugundua namwambia alete gunia jeupe la unga, alipasue, mwenzake alishike upande wa giza. Bati jipya lisitumike, linachoma macho.

Hapa inabidi kuzungumza juu ya ngozi, maana vitabu vingi vinapita kimya. Kipimo cha kamera kinadhani kila kitu duniani kwa wastani kinarudisha asilimia 18 hivi ya mwanga unaokipiga. Mweke mtu mweusi tii mbele ya ukuta mweupe wenye jua, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utatoka kama mkaa. Mweke bwana harusi mwenye suti nyeusi gizani, kamera itaongeza, na shela la bibi harusi litaungua lisibaki uzi. Historia ya filamu haikutusaidia. Kwa miaka mingi Kodak ilipeleka kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na kila mashine ilirekebishwa kwa ngozi yake. Mtafiti Lorna Roth wa Montreal ameandika jinsi filamu ilivyoboreshwa kwa rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani za mbao. Nyuso za watu zilinufaika kwa bahati.

Ninachowasisitizia wanafunzi ni kwamba ngozi nyeupe huonyesha umbo lake kwa kivuli, ngozi nyeusi huonyesha zaidi kwa mng'ao. Tafuta mstari wa nuru juu ya mfupa wa shavu, kwenye paji la uso, ubavuni mwa pua. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo, kama jua kali au flashi iliyoelekezwa usoni, mng'ao huo unakuwa doa linalowaka na watu wanasema mtu amepakwa mafuta. Kikiwa kikubwa, kama mlango au ukuta mweupe wa jirani uliopigwa na jua, mng'ao unatanuka taratibu na uso unapata mviringo wake. Kupangusa jasho kwa leso kunasaidia kidogo tu. Ukumbini flashi igonge dari kwanza, na kumbi zetu nyingi mpya zina dari nyeupe za jipsamu zinazofaa sana kwa hilo. Angalia tu wapambaji wasiwe wameifunika yote kwa vitambaa vya zambarau. Ukigongesha flashi kwenye zambarau, familia nzima inatoka zambarau.

Na kwa kuwa tumegusa rangi: turubai. Harusi, msiba, mkutano wa kijiji, vyote hapa hufanyika chini ya turubai, na chini ya turubai la bluu kila mtu anaonekana mgonjwa. Kazi yake ni rahisi. Mtu ashike karatasi nyeupe kifuani, apigwe chini ya turubai, chini ya mwarobaini, kando ya ukuta wa tofali za kuchoma, na kando ya ukuta mweupe. Linganisha karatasi. Mwarobaini unatia ukijani, tofali zinatia wekundu. Programu ya simu inaweza kurekebisha rangi moja iliyotanda kila mahali. Haiwezi kumponya mtu ambaye nusu ya uso ni bluu ya turubai na nusu ni jua linalopenya pembeni. Dawa ni kumsogeza mtu ukingoni mwa turubai, akitazama nje.

Upangaji wa fremu naufundisha baadaye, na naufundisha kwa ubishi. Kila kitabu kinaanza na kanuni ya theluthi, kwamba gawanya fremu kwa tatu na usiweke kitu katikati. Watu wanaiheshimu kama vile imeshuka mbinguni. Jina hilo linaonekana kwa John Thomas Smith, mchoraji wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1797 kuhusu mandhari ya mashambani. Ilikuwa njia ya kugawanya ardhi na anga ya Kiingereza, yenye mawingu mwaka mzima. Kwenye uwanda wetu, Julai hadi Oktoba, mara nyingi anga ni bluu tupu isiyo na hata kipande cha pamba. Kuipa theluthi mbili ni kukipa nafasi kitu kisicho na la kusema. Mwanafunzi apandishe upeo wa macho juu kabisa, ardhi ipate nafasi yake: nyayo za ng'ombe kwenye vumbi, majabali, mashamba ya zabibu kule Hombolo na Makutupora yenye mistari inayokimbia. Ikifika Januari, mawingu ya mvua yamejipanga kama milima, ashushe upeo chini kabisa. Swali la kumuuliza si la theluthi. Muulize anga ya leo ina nini.

Mbuyu nao unawapotosha wengi. Wanarudi nyuma mpaka mti wote uingie, na unakuwa kichaka kidogo katikati ya fremu. Wasogee. Nusu ya shina na mtoto mmoja aliyesimama kando yake vinaeleza ukubwa wa mbuyu kuliko mti mzima. Wakati wa kiangazi, ukiwa hauna majani, uupige jioni jua likiwa ubavuni, na magamba yote yatajitokeza.

Zoezi la fremu ninalolipenda kuliko yote nalifanyia Soko la Majengo. Chagua muuzaji mmoja, omba ruhusa, piga picha ya kwanza ulivyosimama. Itazame. Utaona nguzo imemwota kichwani, ndoo ya bluu, bango la kampuni ya simu, mgongo wa mteja. Sasa ondoa vitu vitatu bila kugusa chochote. Unaruhusiwa miguu na magoti tu. Hatua kushoto, nguzo inajificha nyuma ya mwavuli. Piga magoti, bango linatoka na nyanya zinapanda mbele kama kilima chekundu. Sogea, mgongo wa mteja unakwenda zake. Kwa dakika chache mwanafunzi ameelewa kwamba fremu hupangwa kwa mwili, na kukuza picha kwa vidole kwenye kioo si kusogea.

Kuhusu ruhusa, muuza nyanya akisema hataki, basi hataki. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, iliyopitishwa mwaka 2022, lakini sokoni adabu ilitangulia sheria. Anayenunua fungu la nyanya na kusalimia kabla ya kuinua lenzi hupokewa vizuri kuliko anayeanza kwa kulenga.

Darasa likipata nauli, nalipeleka Kolo, kaskazini mwa Kondoa mjini. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951. Siendi kufundisha historia. Naenda kwa sababu wachoraji wale waliacha watu warefu, wembamba, wekundu, wenye nafasi tupu pembeni yao, na hawakuogopa utupu huo. Mwanafunzi anayejaza fremu kila kona anahitaji kuwaona. Miamba inayoning'inia inatoa kivuli sawasawa mchana kutwa, kwa hiyo hakuna flashi. Na hakuna kumwagia mwamba maji ili rangi iwake. Atakayejaribu anarudi kwenye gari.

Sasa tuje kwenye mkate wenyewe. Tangu serikali ihamie Dodoma, mji huu unaishi kwa mikutano, na kila mkutano una picha ya pamoja. Mgeni rasmi anafungua warsha, hotuba zinarefuka, na kwenye saa saba watu mia wanatolewa nje na kupangwa mbele ya bango, juani. Mgeni rasmi katikati, viti vimevalishwa, waliosimama nyuma wamekunja nyuso. Kofia zimefunika macho, mitandio myeupe imeungua. Picha hiyo ndiyo inayotumwa kwenye magazeti, na ndiyo itakayowalipa wengi wa wanafunzi wangu. Hakuna kozi niliyoiona inayoifundisha.

Mpangilio wa viti ni wa itifaki, mpiga picha hana sauti hapo. Mahali pa kusimama ana sauti, akiwahi. Jengo la mita 10 kwenda juu, adhuhuri ya Juni, linaangusha upande wa kusini kivuli cha karibu mita 6. Viti na safu tatu za watu zinaenea. Desemba kivuli kiko kaskazini na ni kama mita 3 tu, viti na safu moja kwa kubanana. Mwanzoni mwa Machi na Oktoba hakuna kivuli kabisa, basi waombe wapige ukumbini au kabla ya saa tatu. Ukiwa kivulini, ukuta wa jengo uwe ndio mandharinyuma. Ukiacha uwanja wenye jua uonekane nyuma ya watu, utawaka wote. Nawapa wanafunzi jengo na mwezi, wanikokotolee watu wangapi wanaingia. Wanalalamika kwamba hilo ni somo la hesabu. Ni kweli ni hesabu, na wakishaiweza maofisa itifaki wanaanza kuwasikiliza.

Katika kusahihisha siulizi kamera gani imetumika. Naifunika nusu ya chini ya karatasi ya maelezo na kumwambia mwanafunzi asome picha ya mwenzake: chanzo cha mwanga kiko upande gani, kikubwa au kidogo, ilikuwa saa ngapi, ni kitu gani kimeachwa nje ya fremu. Anayejibu manne hayo amefaulu hata kama picha yake mwenyewe ina chenga. Asiyejibu harukii somo la apecha, awe na kamera ya milioni tano.

Kama wewe ni mwalimu unayeandaa kozi mwaka huu, au mkuu wa idara unayeandika bajeti, usianze kwa kununua taa za studio. Mwezi wa kwanza unahitaji kijiti, mlango, karatasi nyeupe, gunia la unga na simu walizokuja nazo wanafunzi. Fedha iliyobaki ilipie nauli ya kuwafikisha shambani Hombolo kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi.